Nyumba Safarini: Motokaa ya Kukodi katika Maskati

Katika miezi ya baridi, tangu Novemba hata Machi, jua la Oman lipunguzapo ukali wake, nyumba nyingi za pwani yetu huwa na mtu aendaye Maskati. Mmoja aenda kumzuru shangazi yake, mwingine aenda kwa biashara na kuchukua watoto pamoja naye, na wa tatu aenda kuitazama tu nchi ambayo khabari zake alizisikia kwa babu. Hukaa siku nne, tano, au juma zima. Na kabla hajafungua mizigo yake, wenyeji humwuliza: Je, utakodi gari?

Mwezi huu twataka kulijibu swali hilo kwa ajili ya wenye nyumba, kwa kuwa twaona watu hulijibu kwa haraka mno. Huiona bei ya siku moja, huifurahia, hutia sahihi na kuchukua ufunguo. Kisha khasara yote hutoka katika ile mistari midogo ambayo hawakuisoma. Rai yetu ni kwamba katika Maskati motokaa ni kitu cha kufaa sana kwa siku ya kutoka mjini, walakini si ya lazima kwa siku ya kukaa mjini. Na kwamba bei iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni sehemu tu ya bei.

Tuanze na mji wenyewe. Maskati si kama Mji Mkongwe wa Unguja, ambao mtu huuvuka kwa miguu asubuhi moja na akarudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Umetandazwa kwa urefu baina ya milima na bahari, na kutoka Seeb, kiliko kiwanja cha ndege, hata Maskati ya kale penye kasri la Al Alam, ni zaidi ya kilomita 30. Kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba bila gari watafungiwa nyumbani. Sivyo. Yako mabasi ya Mwasalat yapitayo katika barabara kuu, na ziko teksi ziitwazo kwa simu, ambazo bei yake hujulikana kabla ya mtu kupanda. Atakaye kuswali katika msikiti mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, au kuingia katika makumbusho ya taifa yanayotazamana na kasri, atafika kwa teksi pasipo taabu. Na afikaye Matrah, mahali pa forodha ya zamani na soko la ubani, atashukuru kwamba hana gari la kutafutia maegesho, kwa kuwa pale njia ni nyembamba na watu ni wengi, khasa baada ya alasiri.

Basi siku mbili za kwanza tembea bila motokaa. Faida yake si ya fedha peke yake. Mtu atokaye Tanzania, Kenya au Uganda amezoea kuendesha kushoto, na Oman huendeshwa kulia. (Ndugu zetu wa Burundi, Rwanda na Kongo hawana taabu hii, wao watucheke tu.) Ukikaa siku mbili katika teksi ukitazama, jicho huanza kuzoea. Lile duara la njia panda ambalo kwetu huitwa kipilefti, huko huzungukwa kinyume na kwetu, na mwenye haki ya kupita ni yule aliyekwisha kuingia, naye hukujia kutoka kushoto. Jina kipilefti lenyewe, ukilipeleka Oman, lakuwa ni uwongo. Ni afadhali kuyajua hayo ukiwa umekaa nyuma kuliko kuyajua usukani umo mkononi na watoto wamo garini.

Siku ya tatu sasa kodi gari, kwa siku zile tu utakazotoka mjini. Na hapa tukae kidogo, kwa kuwa hapa ndipo penye mambo.

Mafakihi walipoandika mlango wa ijara hawakuwa na motokaa; walikuwa na ngamia, punda na nyumbu. Walakini yule aliyesoma Minhaji, kitabu kilichosomeshwa vizazi vingi katika pwani yetu, akiushika mkataba wa kukodi gari huona kana kwamba amekutana na mtu amjuaye. Walijadili mnyama aliyekodiwa kwenda mahali fulani kisha akapelekwa mbele ya hapo, na mzigo uliozidi ule uliotajwa. Walisema kwamba mkono wa mwenye kukodi ni mkono wa amana: kikiharibika kitu pasi na uzembe wake wala kuvuka mpaka kwake, khasara si juu yake; ama akiuvuka mpaka, amekuwa mdhamini. Basi ndugu msomaji, mkataba wa motokaa nao una mipaka yake. Unataja umbali. Unataja njia. Unataja nani ashike usukani.

Mpaka wa umbali ndio uwashikao watu wengi. Kampuni nyingi za Oman huandika idadi ya kilomita kwa siku, na kila kilomita izidiyo hulipiwa mbali. Tuseme gari umelikodi kwa siku tatu, na kila siku umepewa kilomita 200. Hizo ni kilomita 600. Siku ya kwanza wataka Nizwa, na kutoka huko upite Bahla: kwenda na kurudi ni kilomita 400 na kidogo, tuweke 420. Siku ya pili wataka Sur, nako kwenda na kurudi si chini ya 400. Tuweke 420 vilevile, kwa kuwa hakuna aendaye Sur asigeuke kando njiani. Siku ya tatu wataka Nakhal tu, tuweke 220. Jumla ni kilomita 1,060. Umezidisha 460. Ikiwa kila kilomita ya ziada ni baisa 50, na baisa 1,000 ndizo riali moja, utadaiwa riali 23 ambazo hukuzitia katika hesabu yako. Tarakimu hizi twazitoa kwa mfano, maana kila kampuni ina bei yake. Lakini hesabu ya namna hii yafaa ifanywe mezani nyumbani, kabla ya kutia sahihi, na mara nyingi bibi wa nyumba huifanya vizuri kuliko bwana. Pengine mtaona kwamba gari la bei ya juu kidogo lisilo na kikomo cha kilomita ndilo rahisi.

Mpaka wa pili ni bima. Neno bima humtuliza mtu, akadhani kila khasara imebebwa na mwingine. Katika mikataba ya kawaida iko sehemu ya kwanza ya khasara ambayo mwenye kukodi huilipa mwenyewe, hata kama gari limegongwa likiwa limesimama na dereva yumo msikitini. Bima ya juu zaidi huipunguza au huiondoa sehemu hiyo, kwa malipo ya kila siku. Kadhalika, mipira, vioo na upande wa chini wa gari mara nyingi havimo katika bima, ilhali katika nchi ya mawe kama Oman hivyo ndivyo viharibikavyo kwanza. Kuliingiza gari katika maji ya wadi au kulipeleka nje ya barabara ya lami huweza kuivunja bima nzima. Na kuvuka mpaka kwenda Dubai hakufai ila kwa ruhusa ya maandishi na bima ya huko. Sharti la kumtwisha mwenye kukodi khasara isiyotokana na uzembe wake lina maneno mengi kwa wanazuoni. Mintarafu ya hukumu yake msomaji amwulize shekhe wake. Sisi hapa twasema khabari ya mfuko: ulijue sharti kabla ya kuliridhia.

Kisha iko dhamana. Kampuni huzuia kiasi cha fedha katika kadi yako mpaka gari lirudi, na nyingi hutaka kadi ya mkopo, si ile ya kutolea fedha zako mwenyewe. Hapa nyumba za Waislamu hupata taabu, kwa kuwa wako wengi walioziepuka kadi za mkopo kwa sababu ya riba. Tumewasikia watu waliolilipia gari kabla ya kusafiri, kisha wakafika mezani wakakataliwa, na fedha waliyokwisha kulipa isirudi yote. Dawa yake ni kuandika barua mapema na kuuliza maneno mawili: je, mwakubali kadi ya benki ya kawaida au fedha taslimu? Na dhamana ni kiasi gani, nayo hurudi baada ya siku ngapi? Jibu likija kwa maandishi, lichukue pamoja nawe. Ziko kampuni zinazokubali, khasa zile ndogo za wenyeji, na mara nyingi jamaa wa Maskati huzijua.

Jina la kila atakayeendesha liandikwe katika mkataba. Ikiwa mke au kijana mkubwa atampokea baba usukani njiani, naye aandikwe, la sivyo siku ya ajali kampuni itauliza nani alikuwa akiendesha, na bima itaanguka kwa jibu hilo moja. Leseni ya nyumbani na leseni ya kimataifa zote zichukuliwe. Hiyo ya pili hupatikana nchini kwako kabla ya safari, si baada ya kufika.

Unapokabidhiwa gari, lizunguke polepole mchana, si usiku. Kila mkwaruzo, kila alama ya jiwe katika kioo, uandikwe katika karatasi na upigwe picha, pamoja na mipira minne, ule wa akiba, kipimo cha petroli na idadi ya kilomita. Karani akikuambia kwamba mkwaruzo mdogo hauna neno, mwambie kwa adabu kwamba kama hauna neno basi hata kuuandika hakuna neno. Sisi wenyewe tuliwahi kuonyeshwa, siku ya kurudisha gari, ufa katika pembe ya kioo cha mbele, na tukatakiwa tuulipie. Tulifungua picha ya siku ya kwanza, ufa umo. Karani alitazama, akacheka, akaifuta karatasi yake. Hatukuona kwamba alikuwa mtu mbaya. Hakuwa na namna nyingine ya kujua, na pasipo picha hata sisi tusingekuwa na namna ya kumjulisha. Mwenye gari naye ana haki yake: ukiliparuza gari wewe, mwambie wewe kabla hajaliona.

Barabara za Oman ni njema sana, na wema huo ndio khatari yake. Njia ni pana, magari ni machache nje ya mji, na mwendo wa kilomita 120 kwa saa umeruhusiwa katika barabara kuu, hata mtu asihisi kwamba anakwenda. Kamera za kupima mwendo ni nyingi. Picha ya kosa hufika kwa mwenye gari, na mwenye gari huitoa faini katika dhamana yako, pengine pamoja na ada yake ya kazi, wewe ukiwa umekwisha kurudi Tanga au Mombasa. Kila mtu garini afunge mkanda, wa nyuma pia, na mtoto mdogo akae katika kiti chake. Sheria yataka hivyo, na kiti chenyewe huombwa siku ya kuagiza gari, kwa kuwa ukikiomba siku ile ile huenda hakipo. Usiku jihadhari na ngamia na mbuzi, maana mbali na miji huvuka njia bila ya kumwuliza mtu.

Ama khatari iliyo kubwa kuliko zote ni maji. Wadi ni mkondo uliokauka, nao hukaa mkavu miezi na miezi, barabara ikipita katikati yake, watu wakala chakula chini ya miti yake. Mvua ikinyesha milimani, mahali usipopaona, maji huweza kushuka kwa dakika chache ukiwa wewe umekaa juani. Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu katika Oman, na miongoni mwao walikuwa watoto wa shule waliokuwa katika gari lililochukuliwa na wadi huko Samad al-Shan. Usiseme gari lile la mbele limevuka, nami nitavuka. Sheria ya Oman humwadhibu avukaye wadi inayotiririka kwa makusudi, na polisi huwako kuzuia. Siku iliyotajiwa mvua, safari ya wadi iachwe, hata kama ndiyo siku ya mwisho na watoto walia.

Sasa twende Nizwa, maana hapo ndipo tungempeleka mtu mwenye siku moja tu. Ni kilomita 160 hivi kutoka Maskati, njia pana mwanzo hata mwisho, na vituo vingi vya petroli vina msikiti mdogo wa wasafiri. Ikiwezekana nenda Ijumaa, utoke nyumbani kabla ya jua kuchomoza, uuwahi mnada wa mbuzi: wanyama huzungushwa katika duara, wauzaji wakitaja bei kwa sauti, na wanunuzi wamekaa kimya wakitazama miguu na meno. Huanza mapema na kwisha mapema. Kisha ingia ngomeni. Mnara ule mkubwa wa mviringo ulijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif al-Yarubi, yule aliyewatoa Wareno katika Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliwatoa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwezi wa Desemba mwaka 1698. Mtoto wa Mombasa apandaye ngazi za Nizwa yafaa aambiwe hayo akiwa pale pale juu, kwa kuwa historia aliyoisoma shuleni imejengwa kwa udongo huu. Aonyeshwe na yale matundu juu ya milango ya ngazi, ambayo asali ya tende iliyochemshwa ilimwagwa kwayo juu ya adui. Hilo hatalisahau.

Karibu na mji uko mfereji wa Falaj Daris, mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyotiwa mwaka 2006 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa ulimwengu. Maji ni ya wote, na zamu ya kila shamba yajulikana. Watoto hutia miguu, wasitie sabuni. Bahla, yapata kilomita 40 mbele, ina ngome yake katika orodha hiyo hiyo tangu 1987, na ukuta wa udongo unaouzunguka mji kwa kilomita 12 hivi. Mwenye kukumbuka kwamba Ijumaa milango ya ngome na ya maduka haina saa za siku nyingine, naye aulize saa hizo mapema, hatasumbuka.

Jebel Akhdar, mlima wa makomamanga na mawaridi, uko upande huo huo, na wengi hutaka kuupandisha katika siku ile ile. Hapana. Chini yake, Birkat al Mawz, kipo kituo cha polisi, na gari lisilovuta kwa magurudumu manne hurudishwa. Kukodi gari kubwa kwa siku zote kwa ajili ya mlima wa siku moja ni kutupa fedha. Mpate mwenyeji mwenye gari lake aliyezoea ule mteremko, mkubaliane bei.

Njia ya Sur ni ya namna nyingine. Milima iko kulia na bahari kushoto, na kila baada ya muda kuna jambo la kukugeuza kando: shimo la Bimmah lenye maji ya kijani, Wadi Shab ambayo huvukwa kwa mashua ndogo kisha ikafuatwa kwa miguu katikati ya mitende na majabali, na Qalhat, bandari ya kale aliyoizuru Ibn Battuta katika karne ya 14, ambayo sasa imebakiwa na kaburi la Bibi Maryam limesimama peke yake juu ya magofu. Msishike yote. Wenye watoto wadogo waache Wadi Shab, kwa kuwa matembezi yake ni marefu na mawe huteleza, wakapumzike Bimmah.

Na Sur yenyewe, kwa mtu wa pwani, ni kama kumwona ndugu wa baba. Majahazi ya bandari hii yalikuwa yakishuka na kaskazi hata Lamu, Mombasa na Unguja, na kurudi na kusi. Liko jahazi moja la zamani, Fatah al-Khair, lililorudishwa kutoka Yemen mwaka 1993, limewekwa nchi kavu watu walitazame, na karibu yake karakana ambamo mafundi wamejenga majahazi ya mbao mpaka zama zetu hizi. Mzee wa Kiswahili aweza kukutana hapo na mzee mwenzake atakayemjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa katika Oman lugha yetu ingali hai katika nyumba nyingi, khasa za wale waliohama Unguja baada ya mwaka 1964 na wale waliorudi baada ya 1970. Mazungumzo kama hayo huchukua muda. Yapewe muda wake. Lakini toka Sur mapema alasiri, ili sehemu kubwa ya njia uipite kabla ya giza, kwa kuwa dereva ni mmoja naye ameamka alfajiri.

Nakhal ni safari fupi, ngome juu ya jabali na chemchemi ya maji ya moto karibu yake. Yafaa kwa siku ya mwisho, watu wakiwa wamekwisha kuchoka.

Rudisha gari siku ya kazi na saa ya kazi, ukikumbuka kwamba mapumziko ya juma huko ni Ijumaa na Jumamosi. Jaza petroli karibu na ofisi na uiweke stakabadhi yake. Subiri karani alizunguke gari mbele yako, atie sahihi kwamba amelipokea salama, na umwulize faini zilizokwisha kuonekana. Karatasi hiyo na zile picha zako usizitupe utakapofika nyumbani. Ziweke mpaka siku utakapoona katika hesabu ya benki kwamba dhamana imerudi yote.